Matairi ya 225/65R17 kati ya Nakuru na Kisumu: yanayofaa na yasiyofaa

Mazda CX-5 yenye rimu za inchi 17, Nissan X-Trail ya T32, Toyota Vanguard, RAV4, na Harrier iliyotoka mwishoni mwa 2013: zote hizi aghalabu huvaa saizi moja ya tairi, 225/65R17. Ndiyo maana saizi hiyo haikosi katika maduka ya matairi ya Nakuru na Kisumu, na ndiyo maana pia maneno ya kaunta ni mengi kuihusu. Muuzaji atakuletea la lami, atakuletea lenye meno makubwa "la kwenda popote", na ukilalamika bei atatoa la mtumba: "Bosi, hii ni Ex-Japani safi, haijala kilomita." Tumeyapima yote hapa, pamoja na kazi ya kuyafunga, kwa sababu tairi zuri likifungwa ovyo huisha kama tairi baya.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Gari linalokaa mjini na kusafiri kwa lami lipewe tairi la lami, liandikwe H/T (la barabara kuu) au lisiandikwe. Kama kila wiki kuna kilomita kumi au ishirini za murramu kabla ya kufika nyumbani au shambani, chukua A/T (la lami na murramu) ya wastani. M/T, lile la meno makubwa ya tope, usiliguse kwa gari la aina hii. Mtumba ukubali tu baada ya kuukagua kwa mkono, na ukiukagua vizuri mara nyingi utaurudisha rafuni.

Barabara ndiyo inayochagua

Kutoka Nakuru, kwenye kimo cha kama mita 1,850, njia inapanda Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, inakata kushoto kuelekea Kericho, kisha inashuka Kapsoit, Awasi na Ahero mpaka Kisumu, kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Penye milima, malori yanayojikokota huibonyeza lami ikafanya mabonde mawili marefu. Mvua ikinyesha mabonde hayo hujaa maji, na gari dogo hupita humo humo kwa kuwa magurudumu huvutwa kulifuata bonde. Hapo kinachokuokoa ni mifereji ya tairi, kina chake na uwazi wake, maana ikishindwa kuyatoa maji upande, gari huelea na usukani huwa mwepesi ghafla kama umekatika.

Tairi jipya la lami huwa na mifereji ya kina cha karibu milimita 8. Vile vinundu vya mpira vilivyoinuka ndani ya mfereji, vilivyowekewa alama ya TWI ubavuni, vinakuonyesha milimita 1.6. Wengi hungoja mpaka meno yalingane na vinundu hivyo. Kwa mtu anayepita Kericho alasiri, wakati ambapo mvua ya huko haibishi hodi, hiyo ni kuchelewa: badilisha yakifika milimita 3.

Upande wa pili kuna njia za kwenda ndani. Tope jekundu la Kakamega na Nandi huteleza, lakini hutoka. Gari likipata mwendo kidogo, meno ya A/T hulitema. Udongo mweusi wa tambarare za Kano ni kitu kingine kabisa. Unanata, unajaza nafasi zote kati ya meno, na baada ya mizunguko michache tairi la A/T linakuwa laini kama andazi. Muuzaji anayekuahidi kwamba A/T itakuvusha Kano wakati wa masika hajafika huko, au alifika kwa trekta. Huko kinachosaidia ni kuacha gari penye lami.

Ubavuni pameandikwa nini

Kabla ya jina la kampuni, soma namba. Katika 225/65R17 102H, 225 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, na 17 ni rimu kwa inchi. 102 ndiyo watu huiruka. Ni uwezo wa kubeba, kilo 850 kwa kila tairi. Herufi H inaruhusu hadi kilomita 210 kwa saa, T ni 190, S ni 180, Q ni 160. Hakuna anayepaswa kukimbia hivyo Salgaa, lakini herufi hiyo inakueleza pia jinsi tairi linavyostahimili joto, na joto ndilo linaloua matairi kwenye mteremko mrefu gari likiwa limejaa watu na magunia. Namba ya uzito na herufi ya mwendo visishuke chini ya zile zilizo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Tarehe imo katika mstari unaoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2224 ni wiki ya 22 ya 2024. Mara nyingi huchapwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo zikikosekana upande unaouona, pindua tairi kabla ya kumshuku mtu. Tairi ambalo halijatumika la mwaka mmoja au miwili, lililokaa kivulini, halina shida. La miaka minne liombee punguzo, au waachie. Baada ya miaka mitano barabarani likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi liondolewe hata kama meno yamejaa. Mpira hukauka, na jua la Kisumu haliusaidii.

Kuna alama nyingine ambayo hata wauzaji wengi hawaijui. Tafuta herufi E ndani ya duara yenye namba kando yake, kisha fuata mstari wa namba za idhini. Mwishoni ukiona kitu kama S2WR2, S ni kelele, W ni breki kwenye lami yenye maji, R ni wepesi wa kuzunguka. Tairi lenye W limepimwa breki za mvua na kufaulu kiwango cha Umoja wa Mataifa. Lisilo na W linaweza kuwa zuri, lakini hakuna aliyekuthibitishia. Kwa matairi ya bei ya chini alama hii ina maana kuliko tangazo lolote lililobandikwa ukutani.

Matairi ya lami

Michelin Primacy SUV na Yokohama Geolandar SUV G055 ni mifano mizuri ya kundi hili, na yote mawili hutengenezwa kwa 225/65R17. Yana ukimya. Kutoka Nakuru hadi Kericho unaweza kuzungumza na aliyekaa nyuma bila kupaza sauti. Breki zake za mvua ndizo bora kati ya makundi yote tuliyoyaangalia, kwa kuwa mpira wake ni laini kiasi na meno yamepangwa kusukuma maji, hayakupangwa kuchimba udongo.

Kasoro ni ubavu. Tairi la lami limejengwa liwe jepesi, na ukiingia barabara ya murramu iliyokwaruzwa na greda majuzi, mawe yenye ncha yakiwa yamelala juu, ubavu ndio unaoumia. Mpasuko wa ubavu hauzibiki. Siku nyingine hutaona mpasuko; utaona uvimbe wa ukubwa wa yai siku mbili baada ya kugonga ukingo wa shimo. Maana yake nyuzi za ndani zimekatika na upepo umebaki kushikwa na mpira peke yake. Tairi hilo limekwisha, hata kama lilinunuliwa Jumatatu. Anayekuambia litarudi likipunguzwa upepo anakutakia mabaya.

Katika kundi hili hili kuna majina ya bei nafuu kutoka China na India: Linglong, Triangle, Sailun, Westlake, Apollo, MRF. Kuyaweka yote kapu moja ni uvivu. Yapo yenye W na tarehe mpya yanayofanya kazi ya mjini vizuri kabisa. Yana, jina ambalo madereva wa makamo walikua nalo, lilikuwa likitengenezwa Nairobi hadi kiwanda cha Mombasa Road kilipositisha kazi mwaka 2016. Baada ya hapo matairi ya jina hilo yakawa yanaagizwa kutoka nje, kwa hiyo nalo lisome ubavuni kama mengine.

Bei ya tairi moja haisemi mengi mpaka uigawe kwa kilomita. Chukua mfano wa hesabu tu: manne ya shilingi 11,000 yakidumu kilomita 35,000 yanagharimu kama shilingi 1.26 kwa kilomita. Manne ya shilingi 19,000 yakidumu kilomita 60,000 yanagharimu kama 1.27. Weka bei utakayopewa wewe. Mara nyingi utakuta tofauti ni ndogo kuliko ilivyoonekana kaunta, na kinachobaki kuamua ni umbali wa breki siku ya mvua. Anayetaka kuuza gari mwaka ujao ana haki ya kuchukua la 11,000. Anayebeba watoto kila asubuhi afikirie tena.

A/T: nzuri, ila usinunue sura

Yokohama Geolandar A/T G015 ndiyo tunayoiweka mbele katika kundi hili kwa gari la aina hii. Inapatikana kwa 225/65R17 102H, yaani uwezo uleule wa kubeba na herufi ileile ya mwendo kama tairi la kiwandani, na ndani ya gari kelele yake si kubwa mpaka yafike nusu ya maisha yake. Maxxis AT-771 ni ya pili. Kwenye murramu zote mbili hushika vizuri zaidi penye kona za changarawe na hazikatikikatiki meno haraka. Kwenye lami yenye maji zinabaki nyuma ya tairi zuri la lami; acha nafasi zaidi kwa gari la mbele.

BFGoodrich KO2 ni habari nyingine, na ndiyo inayonunuliwa kwa makosa zaidi. Ni tairi gumu kweli, ubavu wake ni mnene na meno yana kina cha karibu milimita 12. Lakini kwa saizi hii huja kama LT, tairi la pikapu, lenye 107 ubavuni. Mtu huona 107, ambayo ni kilo 975, akadhani amepata nguvu zaidi ya 102. Nguvu hiyo tairi la LT huifikia likiwa na upepo wa juu sana, hadi 65 psi kwa daraja D. Ukilijaza 33 psi kama kibandiko cha X-Trail kinavyosema, linabeba pungufu ya lile la kawaida, linapata joto, na mabega yake yanaliwa. Ukiliongeza mpaka libebe sawasawa, gari linarukaruka kama mkokoteni wa punda. Juu ya hayo ni zito kwa kilo kadhaa kila gurudumu, na CX-5 ya lita 2.0 itaulalamikia uzito huo tangu Sachangwan. KO2 iachie Prado na Hilux. Huko ni tairi la kusifiwa.

Kuna wanaotaka kuinua gari kwa tairi. 225/65R17 ina kimo cha milimita 724. 235/65R17 ni 737, na kwa kuwa nusu tu ya tofauti ndiyo huinua gari, unapata milimita sita na nusu. 225/70R17 ni 747, inainua milimita 11, lakini sasa tofauti imefika asilimia 3: geji ya mwendo ikisema 100 wewe uko 103, na usukani ukikatwa hadi mwisho tairi linaweza kusugua plastiki ya ndani. Kabla ya kulipa, lifungwe moja mbele, usukani ukatwe pande zote mbili, na mtu aketi kwenye kiti cha dereva. Likigusa hapo dukani, kwenye mashimo litakwaruza.

Mtumba na theluji ya Japani

Magari mengi yanayoshuka Mombasa kutoka Japani huja na matairi ya theluji, na matairi hayo hayo ndiyo huvuliwa na kuingia soko la mitumba. Yanapendeza macho: meno yamejaa, mpira mweusi, jina kubwa. Angalia kama pameandikwa STUDLESS, au majina kama Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx, au herufi Q mwisho wa namba. Gusa jino moja kwa ukucha. Utaona limekatwakatwa kwa mistari mingi myembamba ya zigizagi, na likibonyezwa linabonyea kama kifutio. Mpira ule umetengenezwa uwe laini kwenye barafu. Kwenye lami ya Ahero saa nane mchana unakuwa uji: breki zinarefuka, gari linayumba kwenye kona, na meno yaliyoonekana ya miaka mitatu yanaisha kwa miezi. Anayenunua gari lililotoka bandarini aangalie matairi yake kwa jicho hilo hilo.

Hatari nyingine ni tairi lililochongwa. Fundi huchukua kipara, akapitisha kisu cha moto ndani ya mifereji ya zamani, akaongeza kina, kisha akapaka rangi nyeusi. Haya ndiyo mambo ya kuyakagua, na hayahitaji chombo chochote:

Fuata mfereji kwa kidole mzunguko mzima. Wa kiwandani una upana uleule na kona kali. Wa kisu hupanuka na kubana, na kingo zake zina mawimbi. Kisha tafuta vinundu vya TWI. Vikiwa vimekatwa katikati, au havipo kabisa penye alama yake, tairi limechongwa. Halafu panua mfereji kwa vidole gumba viwili, kwa nguvu. Ukiona weupe au nyuzi chini, kisu kimefika kwenye mwili wa tairi. Mwisho sugua ubavu kwa kitambaa chenye maji: rangi ikitoka, rudisha tairi na usianze mjadala wa bei.

Ndani ya tairi pia patazamwe, na hapa wanunuzi wengi hawaangalii kabisa. Mstari mweusi uliosagika unaozunguka ubavu kwa ndani, wenye ungaunga wa mpira, unaonyesha tairi liliendeshwa likiwa halina upepo. Nje linaweza kung'aa kama jipya. Likifika mwendo wa barabara kuu ubavu ndio unaopasuka.

Kuhusu Probox na Fielder, kwa ufupi

Probox ya kuanzia 2014 hutoka kiwandani na 155/80R14 88/86N LT, tairi jembamba lakini la kubeba mzigo. Wengi hulibadilisha kwa 175/70R14 kwa sababu kimo ni kile kile, milimita 601 dhidi ya 604, na linaonekana pana. La kawaida la saizi hiyo ni 84, kilo 500, wakati la kiwandani, likiwa na upepo wake kamili, ni 560. Manne yanapoteza kilo 240, na Probox yenyewe tunajua inavyopakiwa. Ukitaka upana, 185/70R14 yenye 88 inarudisha kilo 560 na inainua gari milimita tano hivi. Hakikisha tu haigusi.

Fielder ina saizi kadhaa kulingana na mwaka na toleo: 175/65R15, 185/60R15, 195/65R15. Usiamini lililopo kwenye gari kwa sababu mwenye gari wa kwanza huenda alibadilisha. Fungua mlango, soma kibandiko.

Mawili au manne

Kwa gari la magurudumu mawili yanayovuta, kubadilisha mawili hakuna ubaya. Mapya yaende nyuma. Mafundi wengi watakataa, watasema mbele ndiko kunakovuta na kukata kona. Hoja yao ina sehemu ya ukweli, lakini tatizo ni mvua: mbele ikiteleza, gari linaenda moja kwa moja na ukiachia mafuta linarudi mkononi. Nyuma ikiteleza, gari linageuka kichwa kikaangalia ulikotoka, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha.

Kwa AWD, yaani gari ambalo magurudumu yote manne huvuta, hesabu ni kali zaidi. Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na kitu. Mzingo ni kipenyo mara 3.14, kwa hiyo tofauti ya milimita moja tu ya kina cha meno inatosha kuimaliza ruhusa hiyo. Jipya la milimita 8 likiwekwa pamoja na la milimita 4, mizingo inapishana kwa kama milimita 25 kila mzunguko, na giaboksi inalazimika kuisawazisha tofauti hiyo kutwa nzima kwa joto. Mwenye Forester aliyepasua moja anunue manne, au atafute la aina ileile lililoliwa kiasi kilekile. Hapa ndipo mtumba unapata kazi halali.

Kufunga: simama hapo ukiangalia

Duka lenye mashine ya kuvua na kuvisha tairi, mashine ya balansi na ya alaimenti lina thamani kuliko punguzo la mia tano. Vyuma viwili vya mkono vinaweza kulivua tairi la inchi 17, ila hukwaruza rimu ya aloi na kuchana ule ukingo wa tairi unaokaa kwenye rimu, na upepo utavuja polepole miezi yote inayofuata huku ukilaumu msumari usiokuwepo.

Valvu ya mpira ibadilishwe kila tairi linapobadilishwa. Ni kitu cha bei ndogo sana, na ya zamani ikipindwa kwa kidole utaona nyufa shingoni. Kutu na mpira uliokauka kwenye ukingo wa rimu vikwanguliwe kwa brashi ya waya kabla ya tairi jipya kuingia. Kukiwa na mshale na neno ROTATION, uelekee mbele. Kukiwa na OUTSIDE, liwe nje. Tairi jipya likiwa na doa la njano, doa hilo lilingane na valvu, kwa sababu ni upande mwepesi wa tairi na valvu ndiyo uzito wa rimu. Vipande vya zamani vya balansi vitolewe vyote kwanza. Fundi akiacha vya zamani na kuongeza vipya juu yake, mwambie aanze upya. Mashine itasoma sifuri, lakini gundi ya zamani ikiachia, usukani utaanza kutetemeka ukifika kilomita 90.

Nati zianzwe kwa mkono, zikazwe kwa kuvuka, gari likiwa bado juu ya jeki, kisha zimalizwe kwa spana ya kipimo. Toyota nyingi ndogo ni 103 Nm. Bunduki ya upepo ikipewa ruhusa ya kumalizia hukaza mara mbili ya hapo, na siku ya pancha, usiku, spana ya kwenye buti haitafungua kitu. Rudi baada ya kilomita 50 hadi 100 zikaguliwe tena.

Alaimenti ifanywe baada ya bushi na tairodi kukaguliwa. Kupima gari lenye tairodi iliyolegea ni kulipa bure. Matairi ya zamani yasitupwe kabla ya kuyasoma: yakiwa yameliwa katikati, upepo ulizidi; pande zote mbili, ulipungua; upande mmoja, ni alaimenti; meno yakiwa kama ya msumeno ukipitisha kiganja, magurudumu ya mbele yanaangaliana vibaya; yakiwa na mabonde mabonde, shokabsoba zimekufa. Usipotibu hicho kwanza, mapya yataliwa vilevile.

Upepo upimwe asubuhi, gari likiwa halijaenda zaidi ya kilomita mbili tatu. Vibandiko vya Japani huandika kPa: 220 ni 32 psi, 240 ni 35. Ukilijaza Nakuru alfajiri kwenye baridi ya nyuzi 12 na kulipima Kisumu siku inayofuata kwenye nyuzi 30, joto linaongeza kama psi 3 na kushuka kimo kunapunguza kama 1, kwa kuwa hewa ya nje ya Kisumu ni nzito zaidi. Geji itaonyesha kama 2 zaidi. Usizitoe, ukirudi Nakuru zitakuwa zimepungua zenyewe. Naitrojeni unayouziwa kwa bei ya chai na mandazi haidhuru, ila hewa ya bure tayari ni asilimia 78 naitrojeni.

Kabla ya kuondoka mwambie fundi afungue buti. Speya ya mengi ya magari haya ni ile nyembamba inayoanza na herufi T, na inahitaji 60 psi, karibu mara mbili ya matairi mengine. Ukaguzi ambao haukuigusa umeacha tairi la tano na psi 20. Ikifungwa, mwendo wake wa mwisho ni kilomita 80 kwa saa, na kwa AWD ni ya kukufikisha kwa fundi wa pancha wa karibu, Awasi au Kapsoit. Kisumu ni mbali kwa tairi hilo.